Ekari moja, wachumba watano

Chukua ekari moja ya Magu, bondeni mwa mto Simiyu. Si lazima iwe ya babu yako, ingawa wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mkiwa mmebanana kwenye benchi la kijiweni, Mlango Mmoja au Igoma, mna babu mwenye ekari huko. Juu ni mchanga, katikati udongo mgumu, chini mbuga nyeusi. Ekari yenyewe haina cha ajabu. Ajabu ni wachumba wake.

Mkubwa wa Kilimo anaihesabu kuwa ni ya pamba, na kila bajeti anaahidi mavuno yatapanda. Mkubwa wa Mifugo anaihesabu kuwa ni malisho. Wa Misitu anataka miti irudi palepale. Wa Maji angependa isiguswe na jembe, maana udongo wake unateremka na mto hadi ziwani, na ziwani ndiko Mwanza inakochota maji ya kunywa. Na wa Mazingira? Huyo kaenda mbali kuliko wote. Mwaka 2021 Tanzania iliyaandikia mataifa ahadi kwamba itapunguza gesi zinazochemsha dunia kwa kati ya asilimia 30 na 35 ifikapo 2030, ukilinganisha na kiasi ambacho kingetoka kama tungejiendea tu kama kawaida. Sehemu kubwa ya gesi hizo kwetu haitoki viwandani. Viwanda vyenyewe viko wapi? Inatoka kwenye misitu inayofyekwa, mashamba yanayochomwa na ng'ombe wanaocheua. Kwa hiyo ahadi ile iliwekwa juu ya mgongo wa ekari za namna ya ile ya Magu.

Wachumba watano, kila mmoja anadai ameshatoa mahari, na baba wa binti hajui hata kama mwanawe kaposwa!

Kijana wa mjini atasema: hayo ni ya wazee wa shamba, mimi natembeza mitumba Makoroboi. Subiri kidogo, ndugu yangu. Mkaa unaokaanga chipsi zako umetoka kwenye ekari kama hiyo. Sembe imetoka huko. Mdogo wako aliyeshuka juzi stendi ya Nyegezi na begi la kuazima, akakukuta na wewe unalala wa nne kwenye chumba kimoja cha Mabatini, ameikimbia ekari kama hiyo. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa wa Mwanza na watu 2,772,509. Ya mwaka 2022 iliukuta na watu 3,699,872. Karibu milioni moja wameongezeka katika miaka kumi, na ukiwagawa juu ya nchi kavu ya mkoa unapata kama watu 390 kwa kila kilomita ya mraba. Watu wamezaana. Ekari hazizai.

Na wakubwa wakizidiwa na vijana mjini, dawa yao mnaijua. Mwaka 1983 ilitungwa sheria ya Nguvu Kazi, watu wakakamatwa mitaani kama kuku na kupelekwa mashambani. Siku hizi hawakamatwi, wanabembelezwa: vijana rudini shamba, shamba ni fursa. Sawa. Shamba lipi? Lile lenye wachumba watano?

Tunaandika haya kwa sababu kuna kazi ambayo wataalamu wa nchi nyingine wanaifanya, na wa kwetu wanaijua, lakini haijawahi kufika mezani ambapo bajeti inakatwa. Wenyewe wanaiita modeli ya pamoja ya matumizi ya ardhi. Jina ni refu, jambo lenyewe ni hesabu. Unaikata nchi vipande vya mraba kama karatasi ya daftari la hisabati. Kila kipande unakiandikia habari zake: udongo gani, mvua kiasi gani, mteremko gani, kiko umbali gani na barabara, kina kaya ngapi na ng'ombe wangapi. Halafu unaipa kompyuta bei ya pamba, bei ya mpunga, bei ya gunia la mkaa, na unaanza kuiuliza maswali. Bei ya pamba ikipanda, kipande kipi kitafyekwa? Ng'ombe waliokuwa hapo watahamia wapi? Udongo kiasi gani utaingia mtoni? Kaboni kiasi gani itatoka kwenye miti na kwenda hewani? Mvua za vuli zikichelewa miaka miwili mfululizo, nani atakuwa wa kwanza kula mbegu?

Neno la kushika hapo ni "pamoja". Hesabu za mojamoja hazikosekani. Mwaka 2007 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha kazi yao ya kulihesabu bonde la Simiyu kwa programu ya Kimarekani iitwayo SWAT, inayofuatilia tone la mvua linavyoanguka, linavyokokota udongo na linavyofika mtoni. Kazi nzuri. Lakini tone la maji halijui bei ya pamba. Wa pamba ana hesabu yake ya pamba, wa ng'ombe ana yake ya ng'ombe, na kila mmoja akiwa peke yake anasema kweli. Ukiwaweka chumba kimoja ndipo unapogundua kwamba wote wametumia ekari ileile.

Wacheza bao wataelewa upesi kuliko waheshimiwa. Kete ukiitoa shimo hili haipotei, lazima iangukie shimo jingine. Mwaka 2006 serikali iliwaondoa wafugaji na mifugo yao katika bonde la Usangu kule Mbeya, kwa sababu Ruaha Mkuu ulikuwa unakauka na mabwawa ya umeme yanalia. Wengi wa wafugaji wale walikuwa Wasukuma, watoto wa huku, ambao baba zao waliondoka Mwanza na Shinyanga wakitafuta majani. Ng'ombe waliyeyuka? Wapi! Wengi walisukumwa kuelekea Lindi, na wengine wakatafuta mahali pengine. Mwaka 2012 ikafuata operesheni nyingine bonde la Kilombero, Morogoro. Kete zikanyanyuliwa tena. Kila operesheni iliripotiwa kuwa ni ushindi wa mazingira, na kwa hesabu ya bonde moja ni kweli, bonde lile lilipumua. Kwa hesabu ya nchi nzima, msitu mwingine ulikuwa unapokea wageni. Hesabu ya pamoja ingeuliza swali hilo kabla askari hawajapanda lori: wakitoka hapa, wataangukia shimo gani?

Hapo msomaji mjanja atasema gazeti limegeuka kuwa wakala wa kompyuta. Hapana. Tuna sababu ya kuziogopa hesabu hizi, tena sababu ya nyumbani kabisa, kwa maana Usukuma ni mahali ambapo jambo hili lilishafanywa, miaka zaidi ya 70 iliyopita, na wakoloni wa Kiingereza, bila kompyuta.

Sikilizeni kisa hiki, maana hatukufundishwa darasani, au kama tulifundishwa mwalimu alikipita haraka. Baada ya vita vya pili vya dunia Mwingereza aliitazama nchi ya Usukuma akaona watu wengi, ng'ombe wengi, makorongo yanapanuka na pamba inatakiwa Uingereza. Mabwana kilimo wa Ukiriguru, kituo kilekile ambacho mbegu za pamba zetu zinaitwa UK kwa jina lake, wakakaa na kalamu. Wakapima udongo. Wakahesabu familia inahitaji ekari ngapi za chakula, ngapi za pamba, ng'ombe mmoja anahitaji majani ya ekari ngapi, na maili moja ya mraba inaweza kubeba watu wangapi na mifugo mingapi bila kuchakaa. Wenyewe waliipa jina, mlinganyo wa Usukuma. Ilikuwa modeli ya matumizi ya ardhi yenye kila kitu ndani: watu, mimea, mifugo, udongo. Kwa wakati wake ilikuwa kazi ya vichwa.

Na tuseme haki, haikutoka hewani. Wasukuma walikuwa wameshaugawa udongo wao kwa majina tangu zamani: luseni ule mchanga wa juu karibu na mawe, itogolo ule mgumu wa katikati, mbuga ile nyeusi ya chini. Kila jina lilikuwa maagizo ya kilimo. Huku muhogo na karanga, kule majaluba ya mpunga. Miaka ya 1930 mtaalamu mmoja wa udongo aliyekuwa Amani, Tanga, Geoffrey Milne, aliuandikia ulimwengu wa sayansi kwamba udongo wa Afrika Mashariki unafuatana kutoka kileleni hadi bondeni kama pete za mnyororo, na neno alilolichagua linatumika vyuoni mpaka leo. Bibi zetu walikuwa wakipanda kwa mnyororo huo kabla Milne hajazaliwa.

Basi hesabu ilipokamilika ikageuka kuwa Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, makao yake Malya. Mapori ya mbung'o yakafyekwa upande wa Geita ili watu wahamie, malambo yakachimbwa. Mpaka hapo sawa. Lakini mlinganyo ulikuwa unadai mambo mawili yalingane, watu na majani, na yasipolingana lazima kitu kipunguzwe. Zikaja amri: lima matuta kwa namna hii, usilime karibu na korongo, panda muhogo kiasi hiki, weka samadi, peleka ng'ombe mnadani kila mwaka idadi kadhaa. Asiyetii, faini. Asiye na faini, jela.

Walikosea wapi? Si kwenye kujumlisha. Walikosea kwenye kumhesabu ng'ombe kuwa ni mdomo unaokula majani. Msukuma alimhesabu ng'ombe kuwa ni benki, ni mahari, ni ada ya mganga, ni akiba ya mwaka wa njaa. Mzungu aliposema "punguza mifugo" mwenye mifugo alisikia "choma pesa zako moto". Hakuna aliyemuuliza, hivyo hakuna aliyejua. Na wakati huohuo serikali ilikipiga marufuku chama cha TANU kisifungue matawi Usukuma, tangu mwishoni mwa 1954 hadi 1958. Yaani mtu anahesabiwa ng'ombe wake, anapangiwa matuta yake, na akitaka kukutana na wenzake kulalamika, hilo ndilo kosa kubwa zaidi! Mwaka 1958 Geita ikalipuka. Cheche ilikuwa baraza la mseto wa rangi ambalo watu hawakulitaka, lakini kuni zilikuwa zimekusanywa miaka kumi nyuma: amri za mashamba na za ng'ombe. Mpango ukafa. Matuta mengine yakabomolewa kwa hasira tu, hata yale yaliyokuwa yanazuia udongo kweli.

Tungetegemea Uhuru uwe umetufunza. Mwaka 1974 tukafanya letu. Operesheni Vijiji iliwahamisha watu kwenda kukaa kwa mistari kando ya barabara, ili wapate shule, zahanati na bomba. Nia hatuibezi. Lakini ng'ombe nao walihamia kwenye mistari, majani ya kuzunguka vijiji yakaisha, mashamba yakawa mbali, na Shinyanga ikaanza kuitwa jangwa. Kwanza tulihesabiwa bila kuulizwa. Mara ya pili hata hesabu haikuwepo.

Wale wanaopenda mambo ya Kongwa tutawapa mstari mmoja: mwaka 1947 Mwingereza alileta matrekta kulima karanga kwenye mamilioni ya ekari bila kuujua vizuri udongo wala mvua ya Kongwa, na hadi anafunga virago mwaka 1951 zilikuwa zimezama pauni zaidi ya milioni 35 za walipa kodi wake. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa saruji. Mgogo yeyote angemwambia bure.

Sasa geuka uone upande wa pili, maana si kila kitu ni kilio. Mwaka 1986, baada ya Mwalimu kusikitishwa na hali ya Shinyanga, ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Kwanza walifanya kama kawaida: vitalu vya miche, miti ya kigeni, tangazo la "kata mti panda mti". Kisha wakafanya jambo ambalo ofisi za serikali hulifanya kwa nadra sana. Wakawauliza wazee. Wazee wakasema, sisi tuna ngitili.

Ngitili ni nini? Ni kipande cha malisho kinachofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikiwa kikali, kipande cha kaya au cha kijiji, chenye sheria zake, na mvunjaji anashitakiwa kwenye dagashida, mkutano wa wananchi wenyewe, ambako hakuna wakili wala kitu kidogo. Majani yakipumzika, visiki navyo vinachipua, na miti inarudi bila kupandwa na mtu. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zinajulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Mwaka 2002 kazi hiyo ikapewa tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Na mwaka 2005 wachumi walipopiga hesabu ya vitu vyote ambavyo mtu anavipata kwenye ngitili, yaani kuni, majani, dawa, asali, nguzo, maji, walipata kama dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya kawaida ya mtu wa kijijini yalikuwa dola 8 na nusu. Maana yake sehemu kubwa ya uchumi wa Shinyanga ilikuwa inapita pembeni ya vitabu vya serikali, imevaa majani!

Hiyo nayo ni hesabu ya pamoja: ng'ombe, mti, maji na mfuko wa mtu kwenye karatasi moja. Tofauti yake na ile ya Malya ni kwamba kanuni zilikuwa za wenyewe, na mwenye ng'ombe alikuwamo ndani ya chumba ng'ombe wake walipohesabiwa.

Turudi ziwani, maana Mwanza bila ziwa ni mawe matupu. Mwaka 2006 maji ya Victoria yalishuka hadi tukatembea pakavu pale ambapo mitumbwi ilikuwa inaegeshwa. Mvua zilikuwa zimepungua, na kule Jinja, Uganda, maji yalifunguliwa kupita kiasi kwa ajili ya umeme. Mei 2020 yakapanda mpaka kuivuka rekodi ya 1964, mialo ikazama na nyumba za ufukweni zikaingia maji. Ziwa hili linapata kama asilimia 80 ya maji yake kutoka kwenye mvua inayolinyeshea lenyewe, kwa hiyo mabadiliko ya tabianchi kwetu si hadithi ya barafu ya Ulaya.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Watafiti waliotaka kujua kwa nini mwani wa kijani unatapakaa ziwani walitarajia kuikamata mito na mifereji ya maji machafu. Wakakuta sehemu kubwa ya fosforasi, ambayo ndiyo mbolea ya mwani huo, inaingia kwa njia ya hewa: vumbi la mashamba yaliyo wazi, na moshi na majivu ya mioto. Fikiria hapo. Mtu anachoma majani shambani Septemba ili alime, moshi unapanda, unasafiri, unaangukia ziwani, mwani unanenepa, hewa ya majini inapungua, samaki anahama, na kijana wa Kirumba aliyekuwa anabeba samaki pale Mwaloni anarudi kijiweni kucheza drafti. Nani ataliona jambo hilo lote? Bwana samaki anamtazama samaki. Bwana shamba anatazama shamba. Moshi hauna wizara.

Nje ya Afrika tuchukue nchi moja ndogo ya wafugaji, New Zealand, ambako karibu nusu ya gesi zinazochafua anga zinatoka kwenye kilimo na mifugo. Wao wana modeli za namna hii kwa miaka mingi, na moja yao, iitwayo LURNZ, imetengenezwa na taasisi ya Motu ya mjini Wellington kwa kazi hiyohiyo: kuuliza ardhi itageuka kuwa nini sera ikibadilika. Mwaka 2022 serikali yao ilipopendekeza ng'ombe na kondoo walipiwe kwa gesi wanazotoa, ilitoa pendekezo pamoja na hesabu zake. Mfugaji akasoma kwamba ufugaji wa kondoo na ng'ombe wa nyama ungeweza kushuka hadi asilimia 20 ifikapo 2030. Oktoba mwaka huohuo wakapanda matrekta na kuingia nayo mijini kuandamana. Serikali iliyofuata ikaliweka jambo hilo kando mwaka 2024. Unaweza kusema mazingira yalishindwa, na huenda ni kweli. Lakini tazama walichokuwa nacho wafugaji wale ambacho sisi hatuna: namba. Waligombana na namba iliyo mezani, kabla ya sheria, wakiwa macho. Huku kwetu tunagombana na lori la askari, baada ya sheria, tukiwa usingizini.

Na safari hii haraka ni kubwa kuliko mnavyodhani, kwa sababu ardhi ya kijiji sasa ina mnunuzi wa namna mpya. Mwaka 2022 serikali ilitoa kanuni za biashara ya kaboni. Kiko kituo cha taifa cha kupima kaboni pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Vijiji vya wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vimeshapata pesa halali kwa kutunza misitu yao, wakajenga madarasa na zahanati, na tunawapongeza. Lakini kaboni haihesabiwi kwa macho. Inahesabiwa kwa modeli. Modeli ndiyo inayosema msitu huu ungefyekwa kiasi gani kama usingetunzwa, na tofauti hiyo ndiyo inayouzwa. Mwenye modeli ndiye mwenye mizani. Tangu enzi za pamba tunajua mizani ikiwa mikononi mwa mnunuzi peke yake huwa inasoma nini. Babu zetu walianzisha vyama vya ushirika vya kanda hii miaka ya 1950, akina Paul Bomani, kwanza kabisa kwa ajili ya mizani.

Sheria si kikwazo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na ile ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 zinakiruhusu kijiji kupanga ardhi yake, na mkutano mkuu wa kijiji ndio unaopitisha. Lakini nchi ina vijiji zaidi ya 12,000, na hadi mwanzoni mwa miaka hii ya 2020 vingi vilikuwa havina mpango wowote. Na vilivyo nao? Mwandishi wa ukurasa huu, mwenye cheti cha kidato cha nne na baiskeli ya kuazima, alikwenda ofisi moja ambayo hataitaja, akaomba kuona ramani ya kijiji kimoja cha kando ya ziwa. Siku ya kwanza aliulizwa ametumwa na nani. Siku ya pili mwenye ufunguo alikuwa semina. Siku ya tatu ramani ikatoka kabatini: imeandikwa Kiingereza, na panya wameshakula kona ya kaskazini. Alipouliza wanakijiji kama wameiona, mzee mmoja akajibu kwamba alikumbuka kusaini mahudhurio.

Kwa hiyo tunachodai si kompyuta nyingine wala semina ya kuzindua kompyuta. Tunadai wizara zile tano zikae chumba kimoja na Ukiriguru, ambako mvua imepimwa tangu enzi za mkoloni, na Sokoine, na watu wa Bonde la Ziwa Victoria, wapige hesabu moja ya kanda hii kabla ya kila bajeti na si baada yake. Hesabu hiyo iandikwe kwa Kiswahili na ibandikwe ukutani kwenye ofisi ya kijiji: tukiongeza pamba ekari kadhaa, ng'ombe wataenda huku, mto utabeba udongo kiasi hiki, ngitili zitabaki ngapi, na pesa ya kaboni itakuwa kiasi gani na ya nani. Wanakijiji wapewe msimu mzima wa kuibishia. Wakisema kipande namba fulani kimeandikwa msitu na wakati ni makaburi ya ukoo, kirekebishwe. Modeli inayobishiwa inakuwa bora, kwa sababu kompyuta haijui chochote ambacho haikuambiwa, na aliyekuwa akiiambia hadi leo hajawahi kulala Magu hata usiku mmoja.

Na hapo vijana mna kazi, tena msisingizie elimu. Kuna mtu hapo kijiweni anaweza kukupigia odi za mechi kumi na mbili za Ulaya bila karatasi. Mwenzake anajua kwa kichwa faida ya robota la mitumba kutoka Dar hadi Makoroboi, pamoja na nauli na hasara ya nguo mbovu. Kichwa hicho kinatosha kusoma jedwali la ekari. Mkirudi nyumbani sikukuu, badala ya kuonyesha simu tu, ingieni ofisi ya kijiji muombe mpango wa matumizi ya ardhi. Kama haupo, ulizeni kwa nini. Kama upo, ulizeni ni nani aliyehesabu na alihesabu nini.

Bunge la bajeti huanza Aprili. Kabla ya hapo mheshimiwa wako atapita jimboni, atanunua soda, atasema kilimo ni uti wa mgongo. Mwache amalize. Kisha simama umuulize ekari ya babu yako katika bajeti hiyo imehesabiwa mara ngapi, na wizara gani.

Akisema atalifuatilia, muulize tarehe.